Pazia la Mama Mukwe

Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, vumbi la kiangazi limeshika majani ya kando ya barabara ya Kasongo, na Célestine alikaa barazani mbele ya cherehani yake bila kukanyaga. Kitambaa kilikuwa tayari chini ya sindano, mguu tayari mahali pake. Ila akili yake ilikuwa imepanda kamio, lori la mizigo. Ilikuwa inapanga watu watatu katika kiti kimoja kirefu, na kila ikiwapanga, wawili hawakai.

Juu ya meza ya cherehani aliweka vifungo vitatu. Kile kikubwa cheusi ni Emile, mumewe, shofere; huyo hana budi kukaa kushoto kwenye usukani. Kile cheupe ni mama yake mzazi, Subira. Huyo lazima akae kuume, dirishani, maana safari yenyewe ni yake. Kile kidogo chekundu ni yeye Célestine, katikati. Akavitazama. Akavivuruga kwa kiganja, akavipanga tena, vikarudi vilevile.

Kama ungekuwa mtu wa kutoka mbali ungesema: shida iko wapi? Shida ni kwamba tangu Emile alipomwoa Célestine hajapata kumtazama Mama Subira usoni, wala Mama Subira hajapata kumtazama yeye. Ndiyo haya ya wakwe. Wakikutana njiani, Emile anaingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mama apite. Mama naye anavuta kikwembe chake, kitenge cha begani, kufunika uso. Hawali mahali pamoja, hawalali chini ya paa moja, hawaitani jina. Neno likitaka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, linapita kinywani mwa Célestine, hata kama wote wawili wanasikia. "Mwambie mutu wako kuni imeisha," mama atasema nyuma ya ukuta wa udongo wa nyumba yake, ng'ambo ya ua. Na Emile, aliyesikia kila kitu, atangoja mke wake alirudie neno ndipo ainuke kushika shoka.

Wengi huiondoa haya hiyo watoto wakiisha kuzaliwa. Mkwe analeta mbuzi, mbuzi analiwa, nyuso zinafunguliwa, mambo yanakuwa mepesi. Emile alileta mbuzi wake zamani, wakati Nuru, mtoto wao wa kwanza, alipoanza kutembea. Mama Subira alimpokea yule mbuzi kwa mikono miwili. Akamfunga nyuma ya nyumba, akamlisha, mbuzi akazaa, wajukuu wa mbuzi wakauzwa sokoni, na haya ikabaki palepale.

"Lakini Mama," Célestine alimwambia siku moja, "watu wote wameondoa."

"Watu wote walizaliwa na watu wanaowajua," mama akajibu.

Célestine aliijua habari ile. Mama yake aliletwa Kasongo mtoto, akishikwa mkono na watu asiowajua, zamani za misafara ya watumwa, kabla ya Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, kukaa sawasawa. Subira ni jina alilopewa katika nyumba ya Waungwana, na lile la kwanza alikuwa amelisahau. Katika nyumba ile kila mtu alimtazama usoni jinsi mtu anavyotazama sufuria, kuona kama ni safi. Hakuna aliyewahi kumpisha njiani. Akakua, akaachiliwa, akaolewa, akafiwa, akamsomesha binti yake kwa Masista. Halafu siku moja mwanaume mzima, amevaa viatu na kofia ya shofere, aliruka kwenye majani yenye umande kwa ajili yake. Kitu kile hakukiuza kwa mbuzi.

Safari ilianzia katika maneno ya Emile. Alikuwa anaendesha kamio ya Mgiriki mwenye duka karibu na soko. Alipeleka mchele kupitia Wamaza na Kabambare, akapanda milima mpaka Fizi, akashuka ziwani kuchukua ndagala. Akirudi, harufu ya samaki ikimtangulia, anakaa barazani na kumsimulia mke wake vile vijiji vya juu: nyumba zimeshika mlima kama kupe kwenye sikio la mbwa, wanawake wanalima wamefunga kitambaa cha baridi shingoni, barabara inazunguka mpaka unauona mkia wa kamio yako mwenyewe. Anasimulia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitaji mke aliyekaa karibu. Na nyuma ya ukuta, mchi wa Mama Subira katika kinu cha sombe, majani ya muhogo, unanyamaza.

Mama Subira alikuwa na vitu vichache tu alivyokumbuka vya kule alikotoka. Baridi inayouma masikio. Moshi wa nyumba unaotambaa chini badala ya kupanda. Na mawingu yaliyolala bondeni chini ya miguu yake, meupe, kama pamba siku ya kupima. Alikumbuka pia kwamba walitembea na mto Luama, mto ukiwa mdogo wa kuruka, kisha ukawa wa kuvuka kwa mtumbwi. Kumbe njia ya Emile ndiyo ileile, ila yeye anaifuata kwa kupanda.

Mwaka ule alianza kulalamika macho. "Ukungu unaingia," akasema. Halafu, asubuhi moja, akiwa nyuma ya ukuta:

"Selestina. Mwambie mutu wako. Mbele ya ukungu kufunga mulango, nataka kuangalia milima."

Célestine akageuka kwa Emile. "Mama anasema, mbele ya ukungu kufunga mulango anataka kuangalia milima."

Emile alikuwa anafunga kamba za viatu. Akafunga polepole sana. "Mwambie Mama, nitauliza."

Akamuuliza Mgiriki. Mgiriki akacheka, akasema bibi mzee anataka kutembea kama madamu wa Ulaya, lakini akakubali: safari moja, kiangazi hiki hiki, maana mvua zikianza barabara ya milimani inabomoka na mwaka ujao yeye mwenyewe hajui kama atakuwa bado Kasongo. Na bibi asikae juu ya mizigo pamoja na wapakiaji. Akianguka, kesi itamrudia yeye. Akae kabini.

Kabini. Ndiyo neno lililomtoa Célestine usingizi.

Maana si kabini tu. Wamaza watalala kwa shangazi yake Emile. Sawa, mama ndani, Emile chini ya kamio. Kabambare yuko Marcelline, rafiki yake wa shule ya Masista, ana nyumba moja lakini jiko liko mbali, sawa. Baada ya Kabambare hana anayemjua. Katika vijiji vile nyumba ya wageni ni ya Wazungu peke yao. Watalala wapi, huku na huku, baridi ile? Na madaraja je? Kwenye madaraja ya miti watu wote wanashuka ili kamio ipite nyepesi, na pale hakuna majani ya kuingia, kuna maji tu. Na chakula? Akiwapa wote wawili wakati mmoja, nani atageuka? Ilifika mahali anapanga safari hata akiwa anapepeta mchele, midomo inatembea, na jirani yake Mathilde akamuuliza kama ameanza kusali rozari juu ya ungo.

Mwishoni akaamua pazia. Atashona pazia la kikwembe kizito, atalitundika kwenye dari la kabini kati ya Emile na yeye, wanawake upande wao, shofere upande wake. Alipolitanda barazani kulipima, Mathilde akasimama na kikapu chake kichwani.

"Ni ya dirisha gani hiyo?"

"Ya kamio."

"Kamio inaolewa?" Alipoelezwa, alicheka mpaka akashika kikapu. "Macho hayana pazia, watu wamesema. Weye peke yako ndiye fundi wa kuyashonea."

"Pita, Mathilde, unanizuilia mwanga."

Kisha kulikuwa na karatasi ya njia. Mtu hakutoka eneo lake hivihivi siku zile. Célestine akaenda bomani kwa karani Gérard, mtu wa kalamu mbili mfukoni na shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa.

"Sababu ya safari?" Gérard akauliza bila kuinua kichwa.

"Kuangalia milima."

Kichwa kikainuka. "Mama Nuru, sema polepole, nyuma yako iko watu."

"Ndiyo sababu. Mama anataka kuangalia milima."

"Muzungu ndiye anaangalia mulima. Anatandika kiti, anashika glasi yake, mulima inasimama mbele. Siye na mulima tunajuana kwa magoti. Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Nani iko mugonjwa?"

"Hakuna mugonjwa, Bwana Karani."

"Basi mutu mwenye kuzaa."

Watu wa nyuma walikuwa wameanza kucheka, na mmoja akasema mwache aandike kwamba mlima wenyewe ndio unazaa. Célestine alihisi jasho likishuka mgongoni. Hakuzoea kusimama mbele ya watu na jambo lisilo na jina.

"Mama alitoka kule, mutoto," akasema. "Labda bado iko ndugu."

"Aa." Gérard akachovya kalamu. "Kuona ndugu. Ile Bwana wa Teritwari, Muzungu wa boma, anaelewa." Akapiga muhuri, akapuliza wino. "Na ukiiona ile milima, uniambie kama na yenyewe imekuona."

Akarudi nyumbani na karatasi kifuani. Ingefaa afurahi. Badala yake aliona kwamba kila kitu kimeshikwa na uzi mwembamba: karatasi imesema ndugu, na ndugu hawako, Mgiriki amesema safari moja, pazia halijaisha, na mvua, hata kama ni mbali, haijamwahidi mtu.

Siku chache kabla ya kuondoka, jua likiwa limeinama, alikuwa barazani anapindisha ukingo wa pazia. Mama yake alikuwa anarudi kutoka kwenye shamba la muhogo, fimbo mkononi, kikwembe begani. Upande wa pili Emile alikuwa anakuja kutoka gereji. Célestine aliwaona wote wawili kabla wao hawajakutana. Akaendelea kushona, jambo lile alikuwa ameliona maisha yake yote ya ndoa.

Emile akaingia majanini, akageuza mgongo.

Mama Subira hakuvuta kikwembe. Hakupunguza mwendo, hakuinamisha kichwa. Alikuja uso wazi, kidevu juu, fimbo ikigusa ukingo wa njia, akapita karibu na mgongo wa Emile hata kikwembe kikamgusa bega. Akaenda zake. Emile alisimama pale, halafu akageuka kumtazama kisogo, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Sindano ilimchoma Célestine kidole na hakuisikia.

Emile akaja barazani. Uso wake ulikuwa na furaha na woga, vimechanganyika, kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua ni ya nani. "Mama Nuru. Mama amenipita uso wazi. Ameniondolea haya, ama nimemukosea?"

"Jua ilimupiga machoni," Célestine akasema haraka.

Emile akatazama njia. Akatazama jua. "Jua ilikuwa kwa mugongo wake."

Célestine akainama kutafuta uzi chini ambao haukuanguka. Alipoinuka, mumewe bado alikuwa anamtazama. Hakuuliza tena. Alisema anaenda kutia mafuta ya grisi, akaondoka.

Akamkuta mama jikoni, anachambua mboga ya lengalenga kwa vidole, kila jani analipapasa kabla ya kulitupa sufuriani. Kumbe siku zote hizi alikuwa anapapasa. Célestine akakumbuka tangu lini mama ameacha kumtungia uzi sindanoni, tangu lini anauliza "ni nani?" na kujifanya anatania.

"Mama. Njiani umekutana na Emile?"

Mkono ukasimama. "Nimekutana naye."

"Amevaa nini?"

"Amevaa nguo."

"Nguo gani, Mama?"

"Nguo ya mutu mzima. Weye ni polisi?" Kisha, kwa sauti nyingine, ya chini: "Alikuwa hapo kweli?"

"Umemugusa bega."

Mama Subira akaweka mboga chini. Alikaa hivyo, uso umeelekea mlango ambako mwanga unaingia. Kwa mara ya kwanza Célestine alimwona jinsi anavyoutafuta mwanga kwa uso mzima, kama mtu anayetafuta upepo.

"Naona mwangaza," mama akasema. "Naona giza ikipita. Watu ni giza. Nyumba ni giza kubwa. Ulikuwa unataka kujua, sasa umejua."

"Na milima?"

"Mulima ni giza kubwa kupita nyumba. Nitaiona vile."

"Mama, Emile ameomba kwa Mugiriki. Mimi nimesimama bomani, watu wananicheka. Tumesema unaenda kuangalia."

"Ndiyo sababu hutasema neno." Akamshika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu ya mchi. "Mutu wako akijua, atasema: kipofu anaenda kuangalia nini? Kila mutu atasema vile. Hata mimi ningesema. Watanishusha, na nitakufa hapa nikisikiliza cherehani. Sikiliza, Selestina. Ile pazia uishone nzito. Mutu akiona mimi sina haja ya pazia, atajua."

Célestine akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Pazia alilolishona ili kuficha uso wa mama kwa Emile, sasa lilikuwa la kuficha macho ya mama. Na yeye, mjumbe wa wote wawili, aliyezoea kubeba neno kutoka huku kwenda huku bila kupunguza wala kuongeza, atabeba uongo kutoka Kasongo mpaka Fizi.

Akalishona zito.

Siku ya kulitundika, Emile aliingia kabini, akakaa kwenye usukani, akavuta pumzi.

"Inashika mukono wa vitesi."

Célestine akakata chini, mpaka mkono wa gia ukawa huru, akapindisha.

"Na kioo ya kuume siioni. Kule juu, kuume ni bonde. Shofere asipoona ukingo wake, atausikia."

Célestine hakufikiri kioo. Akatazama: kweli, pazia limekula kioo chote. Alitaka kusema basi, tuache, tubaki, na maneno yalikuwa yamefika kwenye meno.

"Mimi nitakaa upande ule," akasema. "Mimi nitaona ukingo, nitakuambia."

"Utaniambia kila mara?"

"Kila mara."

Emile alichezea usukani kidogo. "Kwa kweli nilifikiri sasa Mama hataki tena pazia. Tangu siku ile."

"Anataka. Amesema iwe nzito."

"Amesema nzito?"

"Nzito."

Emile akatikisa kichwa polepole, akashuka, akafunga mlango wa kamio kwa upole usio wa kamio. Célestine akatafuta maana ya ule utulivu wake usiku na mchana, na hakuipata.

Waliondoka alfajiri. Mpaka Wamaza Célestine alihesabu makosa kabla hayajatokea, na hayakutokea: shangazi yake Emile alimlaza mama vizuri, akaweka sahani mbili mbalimbali, akacheka pazia lakini kwa heshima. Kwenye madaraja mama alishuka akishika bega la Célestine, watu wakafikiri ni uzee. Daraja moja Emile alisimama mbali, uso ameuelekeza majini, mpaka walipokwisha kupita. Kabambare Marcelline alimtazama Mama Subira akitafuta kikombe mezani, akafungua mdomo, na Célestine akamkanyaga mguu.

Baada ya Kabambare barabara ikaanza kupanda.

Hapo Célestine alijua woga wa kweli ukoje. Upande wa kuume nchi iliisha. Kulikuwa na tope kavu, mawe madogo, na kisha hewa. Alitoa kichwa dirishani, juu ya magoti ya mama yake, macho kwenye gurudumu, na kusema: "Nafasi iko. Nafasi iko. Imepunguka. Vuta kushoto. Kushoto, Baba Nuru. Basi, iko sawa." Upande wa pili wa kikwembe Emile alijibu "eh" kila mara, na kamio ikalia kama ng'ombe. Mama Subira alikaa wima, mikono juu ya fimbo. Baridi iliingia dirishani na alikuwa ameifungulia uso.

Ndipo Emile akaanza kusema.

"Mama Nuru, unaona ule mulima wa mbele? Iko kama mutu amelala, amekunja goti."

Célestine hakuelewa. Alikuwa na macho yake, mlima ulikuwa mbele yake, na ukingo ulikuwa unakimbia chini ya gurudumu. "Naona. Nafasi iko. Imepunguka."

"Na kwa goti kuna nyumba nne tano, moshi inatoka. Inateremuka bondeni, haipande. Sijui kwa nini."

"Naona, Baba Nuru, angalia njia."

"Naangalia. Nasema tu. Kushoto iko mashamba ya maharage, yamesimama kama ngazi. Mwanamuke mumoja anatuangalia, amefunga kitambaa nyekundu kwa shingo."

Sauti ilikuwa ile ya barazani, kubwa kuliko inavyohitaji mke aliyekaa karibu. Célestine akageuka kumtazama mama. Mama Subira alikuwa ameinamisha kichwa upande wa pazia, kama alivyokuwa akikiinamisha kwenye ukuta wa udongo, mchi mkononi.

Alijua. Emile alijua tangu jua lilipokuwa mgongoni mwa mama. Alijua akitazama pazia likikatwa. Célestine akahisi kitu kinashuka kutoka mabegani mpaka sakafuni mwa kabini, lakini hakuwa na nafasi ya kukisikiliza. "Imepunguka," akasema. "Kushoto kidogo."

Juu kabisa, kabla ya mji mdogo wa kwanza, maji ya injini yalichemka na Emile akasimamisha kamio. Alishuka upande wake, akavuka barabara, akaingia kwenye majani na kugeuza mgongo, ili mama aweze kushuka. Célestine akamsimamisha mama yake ukingoni, mbali kidogo na bonde. Upepo ulikuwa mkali. Wapakiaji walikuwa wamelala juu ya magunia.

"Mwambie mutu wako," mama akasema. "Hapa kulikuwa na jiwe jekundu, kubwa kama nyumba. Bado iko?"

Célestine alikuwa hajasikia habari ya jiwe maisha yake yote. "Baba Nuru, Mama anauliza, hapa kulikuwa na jiwe jekundu, kubwa kama nyumba. Bado iko?"

Emile, bila kugeuka: "Mwambie Mama, jiwe iko. Iko palepale. Jua imelipiga, linang'aa."

Célestine akatazama huku, akatazama kule. Majani yaliyoungua, miti michache, barabara. Jiwe halikuwapo, jekundu wala jeusi. Akamgeukia mama. "Anasema jiwe iko. Linang'aa."

Mama Subira akacheka, kicheko kifupi, cha puani.

"Mwambie hakuna jiwe. Hapakuwa na jiwe. Nilitaka kujua kama anajua."

Mabega ya Emile yalitikisika kule majanini. Hata mpakiaji mmoja aliinua kichwa kuona anayecheka peke yake.

"Na tena mwambie," mama akaendelea, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha, "asinifurahishe kama mutoto. Aseme vile iko."

Célestine akarudia. Emile akainua kichwa, mgongo wake kwao, uso wake umeelekea bonde la upande wa pili. Halafu akasema vile iko. Akasema majani yameungua, mlima ni mweusi na si mzuri. Akasema kuna mbwa mmoja amekonda. Akasema nyumba za mji wa mbele ni chache kuliko mwaka jana, mbili zimeanguka paa. Akasema mto kule chini ni mdogo, mtu anaweza kuuruka, labda ndio Luama, labda ni mwanawe. Na kushoto ya mto, akasema, bondeni, iko mawingu. Imelala. Iko chini yetu, siyo juu.

Célestine alifungua kinywa ili arudie, kama siku zote.

"Acha," mama akasema. "Nimesikia."

Alisimama pale, uso umeinuka, baridi ikimwuma masikio, na hakuna aliyemharakisha. Maji ya injini yalipotulia akageuka mwenyewe, akatafuta mlango wa kamio kwa fimbo, akapanda. Ndani, Célestine alinyoosha mkono kwenye vifungo vya pazia. Aliona sasa halina kazi, na kioo cha kuume kingerudi.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Nafungua. Anajua, Mama."

"Anajua, na bado ameingia majanini. Rudisha pazia vile ilikuwa." Akaweka fimbo kati ya magoti. "Na mwambie mutu wako, kutoka hapa akisema vile iko, asiruke kitu."